Kila msichana anahitaji somo wake



Mwishoni mwa mvua, njia zetu za Chiungutwa hushika kila unyayo unaozikanyaga. Asubuhi moja, nikitoka kuadhimisha Misa kigangoni, niliona mbele yangu nyayo za watu watatu: za watu wazima wawili zikienda sambamba, na ndogo za mtoto, mara huku, mara kule. Sikuhitaji kuuliza ni za nani. Ni za mama wawili majirani, mmoja Mkatoliki, mwingine Mwislamu, ambao kwa miaka mingi wamelimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wote ni wajane. Wameuguzana, wamezikiana, na unapofika wakati wa kupulizia salfa mikorosho, bomba lao ni moja.

Nimezikumbuka nyayo hizo juma hili kwa sababu tarehe 31 Mei Mama Kanisa anaadhimisha sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti. Mwinjili Luka anatuambia kwamba Maria aliondoka kwa haraka, akapanda milimani mpaka nyumbani kwa Zakaria, akakaa huko kama miezi mitatu. Msichana mwenye jambo zito moyoni hakukimbilia hekaluni kwa wakuu wa makuhani, wala kwa walimu wa sheria. Alikwenda kwa mwanamke mwenzake, tena mtu mzima, ambaye angemwelewa kabla hajamaliza kueleza.

Kiswahili chetu kina neno zuri kwa mtu wa namna hiyo: somo. Shuleni somo ni lile linalofundishwa. Kanisani somo ni lile linalosomwa kabla ya Injili. Somo pia ni mtu mnayeshirikiana jina, na ni mtakatifu unayelichukua jina lake siku ya Ubatizo. Lakini mama zetu wa huku Masasi na Newala, waliopita unyago, wanajua maana nyingine iliyo ya ndani zaidi. Somo ni yule mwanamke anayemshika msichana mkono, akamweleza yale ambayo wengine hawamwelezi, na akabaki msiri wake maishani. Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie maisha ya mwanamke aliyechimbua mambo makubwa katika ardhi ya Tanzania, ambaye asingefika huko kama asingepata masomo wa namna hiyo.

Kwanza niungame. Miaka kadhaa iliyopita, msichana wa kidato cha pili alinifuata baada ya Misa akiwa na jiwe mkononi. Alikuwa ameliokota kwa bibi yake, upande wa Lindi. Juu yake kulikuwa na alama ya kombe la baharini, mistari yake yote ikionekana, na aliliokota mbali kabisa na bahari. Alitaka kujua kombe lilifikaje huko. Mimi niliyelelewa seminarini tangu utotoni, katika shule ya wavulana watupu, nilicheka kidogo. Nikamwambia hilo ni jiwe tu, na kwamba msichana mwenye akili kama yake afikirie uuguzi au ualimu. Jiwe nikalibakiza mezani kwangu, likawa la kuzuia karatasi zisipeperuke. Nitarudi kwenye jiwe hilo.

Sisi watu wa kusini hatuna sababu ya kushangaa mifupa kugeuka mawe. Hapo jirani zetu Lindi, katika kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba kati ya mwaka 1909 na 1913 na kutoa mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, zaidi ya tani 200. Babu zetu waliibeba kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mmoja amesimama mpaka leo katika makumbusho ya Berlin, urefu wake ukipita mita 13. Mwaka 1924 Waingereza nao walikuja Tendaguru, na katika msafara wao alikuwamo kijana aliyezaliwa Kenya, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana, aliyeitwa Louis Leakey. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa mume wa mwanamke ninayetaka umfahamu.

Mary Douglas Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake alikuwa mchoraji wa mandhari, mama yake alitoka katika ukoo wa Frere. Ukoo huo una historia na sisi. Ni Bartle Frere wa ukoo huo aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa, na mji wa Freretown kule Mombasa, waliokokaa watumwa walioachwa huru, una jina lake. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1876, ndugu zetu Waanglikana waliwaleta watu walioachwa huru kutoka Zanzibar wakaanzisha nao misheni ya Masasi.

Baba yake Mary alikuwa mtu wa kuhama na brashi zake, na familia ilikaa sana kusini mwa Ufaransa, penye mapango yenye michoro ya watu wa kale. Huko mtoto huyo alipata rafiki asiyetarajiwa: paroko wa kijiji cha Cabrerets, Padre Lemozi, ambaye baada ya ibada zake alikuwa akichunguza mapango. Padre huyo alimchukua mtoto wa miaka kumi na miwili mpaka ndani ya pango la Pech Merle, akamwonyesha farasi waliochorwa ukutani maelfu ya miaka iliyopita. Ninapomfikiria padre mwenzangu huyo, ninaliona tena jiwe lile juu ya karatasi zangu, na ninaona haya.

Mwaka 1926 baba alifariki. Mary alikuwa na miaka 13. Mama yake, Mkatoliki, alimrudisha London na kumpeleka shule za masista. Huko mambo hayakwenda. Mtoto aliyezoea mapango na rangi hakuweza kukaa dawatini. Shule ya kwanza ilimfukuza kwa kukataa kukariri mashairi mbele za watu, na ya pili ikamfukuza baada ya mlipuko alioufanya makusudi katika chumba cha kemia. Hakupata cheti chochote. Mama yake alipouliza habari za Chuo Kikuu cha Oxford, aliambiwa asijisumbue hata kuomba. Mary akaanza kwenda kusikiliza mihadhara ya akiolojia na jiolojia London bila kuandikishwa kupata shahada, na kuwaandikia barua wachimbaji akiomba kazi.

Hapa inafaa tukumbuke zama zile zilivyokuwa. Chama cha wanajiolojia cha London kilianza kupokea wanawake kuwa wanachama kamili mwaka 1919 tu. Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa hakiwapi wanawake shahada kamili, na hakikuwapa mpaka mwaka 1948. Mwanamke aliweza kuokota, kusafisha, kuchora na kupanga. Kusimama mbele ya watu na kueleza alichokiona, hiyo ilikuwa kazi ya wanaume.

Aliyemjibu Mary alikuwa mwanamke, Dorothy Liddell. Mama huyo aliongoza uchimbaji katika ngome ya kale ya Hembury, kusini magharibi mwa Uingereza, na mwaka 1930 alimpokea msichana huyu asiye na cheti. Akamfundisha kuondoa udongo tabaka kwa tabaka bila haraka, na kuchora zana za mawe kwa wino namna ambavyo mtazamaji angeona kila mahali jiwe lilipogongwa. Tena alimfundisha jambo ambalo halikuwamo katika mhadhara wowote, kwamba mwanamke anaweza kuongoza kazi hiyo na wanaume wakamsikiliza. Huyo alikuwa somo wake wa kwanza.

Michoro hiyo ikaonwa na somo wa pili, Gertrude Caton-Thompson. Jina la mama huyu linastahili kujulikana na kila Mwafrika. Mwaka 1929 alipelekwa kuchunguza magofu makubwa ya Zimbabwe. Wakati huo walowezi wengi hawakukubali kwamba kuta zile zimejengwa na watu weusi. Walisema ni Wafoinike, ni Waarabu, ni Malkia wa Sheba. Gertrude alikwenda na wanawake wenzake wawili, Kathleen Kenyon na Dorothy Norie. Wakachimba, wakapima, naye akatangaza kwamba ushahidi wote unaonyesha mikono ya Waafrika. Alichukiwa na wengi kwa neno hilo, lakini hakulirudisha.

Gertrude huyo alikuwa na rafiki mwanajiolojia, Elinor Gardner. Walifanya kazi pamoja katika bonde la Fayum nchini Misri, mmoja akisoma zana za mawe, mwingine akisoma udongo na makombe ya kale ili kujua ziwa lilifika wapi na lini. Mmoja peke yake asingemaliza kazi ile. Elinor ndiye pia ambaye, miaka ya 1930, alishirikiana na Dorothea Bate, bingwa wa mifupa ya wanyama wa kale, kufukua mifupa ya tembo katika mji wa Bethlehemu. Naam, Bethlehemu ile ile ya Mwokozi wetu! Nisikufiche pia kwamba urafiki wa akina mama hawa haukuwa asali tupu. Gertrude na Elinor walipokwenda Hadhramaut mwaka 1937 pamoja na msafiri maarufu Freya Stark, Gertrude na Freya waligombana vibaya. Watu ni watu, hata jangwani.

Gertrude alimwomba Mary amchoree zana za Fayum kwa ajili ya kitabu chake. Halafu mwaka 1933, Louis Leakey alipokuja London kutoa mhadhara, Gertrude alimketisha binti huyo mezani karibu naye wakati wa chakula. Louis naye alikuwa akitafuta mtu wa kuchora.

Ndugu msomaji, padre anaposimulia maisha ya mtu hana ruhusa ya kuruka kurasa. Louis alikuwa na mke, Frida, na mtoto mmoja, na wa pili alizaliwa mwishoni mwa mwaka huo huo. Louis aliiacha familia hiyo, akamchukua Mary. Palikuwa na kashfa kubwa, na ndoa ya kwanza ikavunjwa mahakamani. Louis na Mary walifunga ndoa ya serikali tarehe 24 Desemba 1936. Mary pia aliiacha imani aliyolelewa nayo, na kwa kadiri ijulikanavyo hakuirudia. Siandiki haya ili nimhukumu mtu aliyekwisha kusimama mbele ya Mungu. Nayaandika kwa sababu ukweli wake umezikwa mahali pa ajabu, nami nitakuonyesha.

Mary alifika Tanganyika kwa mara ya kwanza mwaka 1935, akashuka katika Bonde la Olduvai, ambalo Wamasai huliita Oldupai kwa jina la mkonge-pori unaoota huko. Bonde hilo limekatwa na makorongo mengi, na mengi yao yalipewa majina ya watu na kuandikwa kwa herufi. Miaka ikapita. Alizaa watoto, akafanya kazi katika kisiwa cha Rusinga upande wa Kenya, ambako mwaka 1948 alipata fuvu la nyani wa kale sana. Mwaka 1951 alikaa miezi Kondoa akinakili michoro ya miambani, kazi aliyoipenda kuliko nyingine. Pesa zilikuwa haba. Kila walipoweza walirudi Olduvai, wakilala katika mahema na kugawana maji machache.

Tarehe 17 Julai 1959 Louis aliamka na homa, akabaki kambini. Mary akatoka na mbwa wake kutembea mteremkoni, akitazama chini kama kawaida yake. Akaona mfupa umechomoza udongoni. Alipoufagia kwa brashi, yakatokea meno mawili makubwa, bado yako katika taya. Akarudi mbio kambini kumwita mumewe. Lilikuwa fuvu la zamadamu, limevunjika vipande mamia, ambavyo Mary aliviunga kimoja kimoja kwa mikono yake. Wakaliita Zinjanthropus, kwa jina la kale la nchi zetu hizi za Zinji. Baadaye wataalamu walipima miamba ya pale na kukadiria umri wake kuwa miaka milioni 1.75. Dunia ikageuza macho kutazama Afrika. Fuvu lenyewe lipo Dar es Salaam, chini ya Makumbusho ya Taifa.

Sasa sikiliza. Mahali fuvu lilipopatikana panaitwa FLK. Wanafunzi wetu wanaikariri alama hiyo bila kuuliza maana yake. Ni Frida Leakey Korongo. Jiwe lililompa Mary jina duniani lilikuwa limelala katika korongo lenye jina la mwanamke aliyepoteza mume kwa ajili yake. Mwaka hadi mwaka, kila alipoandika lebo ya mfupa, Mary aliandika herufi ile ya kwanza. Na katika bonde hilo hilo lipo korongo jingine, MNK, yaani Mary Nicol Korongo. Wanawake hao wawili hawakuweza kukaa nyumba moja, lakini majina yao yamelala katika bonde moja na hayatatenganishwa. Mimi naona humo fundisho ambalo nisingeweza kulitunga: kazi njema ya mtu haifuti jeraha alilomtia mwenzake, na jeraha hilo halifanyi kazi njema kuwa si kitu. Vyote viwili huandikwa. Ndiyo maana tunahitaji huruma ya Mungu, na ndiyo maana tuwe waangalifu tunapotaja majina ya waliotutangulia shambani.

Louis alikuwa msemaji hodari, naye ndiye aliyejaa magazetini. Mary alipenda udongo kuliko jukwaa. Lakini naye kwa zamu yake akawapokea wengine. Mwaka 1957 msichana Mwingereza asiye na shahada, Jane Goodall, alichimba Olduvai akiwa chini ya macho yake. Miaka mitatu baadaye Jane alitaka kwenda Gombe, Kigoma, kuchunguza sokwe, na wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali mwanamke kijana aende msituni peke yake. Aliyemsindikiza ni mama yake mzazi, Vanne, akakaa naye hemani akigawa dawa kwa wavuvi wa ziwani. Huyo naye ni Elizabeti wa aina yake.

Louis alifariki mwaka 1972. Wengi walidhani kazi imekwisha. Mary, mjane, akiwa amekaribia miaka sitini, akaendelea Olduvai na kurudi Laetoli, kusini yake, na huko likatokea jambo kubwa kuliko fuvu. Zamani, miaka kama milioni 3.6 iliyopita, mlima wa volkano ulitema majivu. Mvua nyepesi ikanyesha, majivu yakalowa kama saruji. Wakapita ndege, sungura, tembo, twiga. Wakapita na viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili kama sisi. Jua likayakausha majivu, majivu mengine yakafunika, na nyayo zikabaki. Mwaka 1978 na 1979 Mary na wenzake walifukua nyayo hizo kwa urefu wa mita 27 hivi: nyayo kubwa, na pembeni yake nyayo ndogo, na inaonekana yupo wa tatu aliyekuwa akikanyaga ndani ya nyayo za mkubwa. Mahali fulani Mary aliona kama mmoja wao alisimama kidogo, akageuka kushoto, kisha akaendelea na safari. Alikwisha kuona mifupa maelfu, lakini kusita huko kwa kiumbe mmoja kulimgusa kuliko mifupa yote. Katika miaka ya karibuni watafiti Watanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamepata nyayo nyingine karibu na hapo.

Najua wapo wanaoniuliza: Baba, na Adamu je? Sikimbii swali hilo. Papa Pius XII alifundisha tangu mwaka 1950 kwamba waamini hawakatazwi kuchunguza asili ya mwili wa mwanadamu, mradi tushike kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Papa Yohane Paulo II alilirudia jambo hilo mbele ya wanasayansi mwezi Oktoba 1996, akakiri uzito wa ushahidi uliokusanywa. Mfupa unatuambia tulitembeaje. Hautuambii tunapendwa na nani. Mwenye kuliuliza jiwe swali la moyo atakosa jibu, na mwenye kuifanya Biblia kitabu cha kupimia umri wa mawe ataidhulumu Biblia.

Mwaka 1981 Oxford ile ile ilimpa Mary shahada ya heshima. Mwaka uliofuata jicho lake moja likapoteza nuru, lakini aliendelea kuandika. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, siku tunayosherehekea Uhuru wetu, akiwa na miaka 83.

Kabla sijamaliza, nikutajie Mary mwingine, maana wawili hawa ni masomo kwa jina na kwa kazi. Mary Anning alizaliwa mwaka 1799 katika mji wa Lyme Regis, pwani ya kusini ya Uingereza, binti wa seremala maskini. Baba alifariki mwaka 1810, akaacha madeni. Binti huyo aliokota visukuku kwenye magenge ya bahari akiviuza ili familia ile. Yeye na kaka yake walifukua mjusi-samaki wa kale, na baadaye, mwaka 1823, yeye akapata mjusi wa bahari mwenye shingo ndefu ambaye mwanzoni wasomi walidhani ni wa kughushi. Wanaume wakubwa walinunua mawe yake, wakayaandikia vitabu, mara nyingi bila kumtaja.

Aliyekuwa pamoja naye ufukweni alikuwa Elizabeth Philpot. Elizabeth alimpita kwa miaka kama ishirini, alikuwa mtu wa tabaka la juu kuliko lake, naye alikuwa na mkusanyo mkubwa wa samaki wa mawe. Katika mji ule, mwanamke wa nafasi yake kuonekana akipanda magenge na binti wa seremala lilikuwa jambo la kusengenywa. Hakujali. Alimtia moyo asome jiolojia, asiishie kuuza tu. Pamoja waligundua kwamba ndani ya ngisi wa mawe mna wino uliokauka, na Elizabeth akautumia kuchorea picha za visukuku. Mary na Elizabeth: unayasikia majina hayo? Mary Anning alipofariki mwaka 1847, wanajiolojia wale waliomfungia mlango walichanga pesa za dirisha la vioo katika kanisa la mji. Wangeweza kuweka picha ya mijusi. Waliweka picha za matendo ya huruma: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwapokea wageni, kuwatazama wagonjwa na wafungwa.

Dirisha hilo linanirudisha mezani kwangu, kwenye jiwe.

Yule msichana niliyemcheka hakuacha. Nilikuja kujua baadaye. Alipofaulu kidato cha nne na kupangiwa shule ya mbali kusoma sayansi, mama yake hakuwa na nauli, wala godoro, wala sare. Walanguzi wa kangomba walikwisha kupita wakitaka kununua korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Jirani yake, yule mama Mwislamu wa nyayo za njiani, alimkataza. Akasubiri mnada wa chama cha msingi, akauza gunia zake, na sehemu ya pesa akamkabidhi mwenzake. Hakuandikishana naye. Mimi paroko sikuwamo katika habari hiyo.

Krismasi iliyopita binti huyo alikuja kunisalimu. Yuko chuo kikuu, mwaka wa pili, anasoma jiolojia. Akatazama mezani, akauliza kwa adabu kama jiwe lile bado nalihitaji. Nikampa, nikamwomba msamaha. Akanieleza kombe lilifikaje kule kwa bibi yake, kwamba zamani bahari ilifika hapo. Nilikaa nikimsikiliza kama mwanafunzi, na kwa hakika nilikuwa mwanafunzi.

Mpendwa msomaji mwanamke, juma hili jiulize: nani alikuwa Elizabeti wako, aliyekupokea kabla hujajua kujieleza? Kama yu hai, mtembelee. Kama amelala, mwombee. Kisha tazama karibu na nyumba yako, yupo Maria gani anayepanda mlima kwa haraka, akitafuta mlango? Nawe mwanamume mwenzangu, baba, mwalimu, katekista, padre: usicheke. Zakaria alifungwa ulimi miezi tisa akiwasikiliza wanawake wawili wakizungumza nyumbani mwake, na alipofunguliwa, neno lake la kwanza lilikuwa sifa kwa Mungu. Pengine na sisi tunahitaji kunyamaza kidogo.

Leo asubuhi nimepita tena njia ile. Mvua zimekatika, udongo umekauka, na nyayo za wale mama wawili na mjukuu wao zimegandia pale pembeni, hazijakanyagwa. Nimezizunguka, sikutaka kuzivunja.